Kiporo cha Safari

Gari lilichemka tukiwa hatujafika Maktau, saa kumi na mbili na nusu jioni, jua limeshazama nyuma yetu upande wa Kilimanjaro. Mvuke mweupe ulifuka kwenye boneti, Baba Watoto akazima injini, na kimya cha Tsavo Magharibi kikatuingia masikioni. Sehemu ile barabara ya Taveta inakata katikati ya mbuga. Hakuna ua, hakuna taa, hakuna duka. Kitinda mimba wetu, miaka mitano wakati huo, alishika pua akauliza, "Hii ni harufu ya nini?" Ilikuwa ya ndovu. Walisimama juu ya lami, hatua kama sitini mbele yetu, wakubwa kwa wadogo, weusi kuliko lile giza.

Tulikaa pale karibu saa nzima, vioo vimefungwa, jasho likitutiririka. Nyuma yetu likaja lori la ndizi kutoka Taveta. Dereva alilisogeza taratibu mpaka ubavuni mwetu, akateremsha kioo. "Msiwashe taa, mama, wala msipige honi. Hawa wana watoto. Wacha wamalize shughuli yao." Walipomaliza wakaondoka kama walivyokuja, bila kishindo. Yule dereva akatupa maji ya kutilia kwenye rejeta, akatufuata nyuma hadi Mwatate, akapiga honi mara mbili ya kuaga. Sikumuuliza jina. Nyumbani Voi tulifika saa nne usiku, na hakuna aliyekula.

Hiyo ilikuwa Agosti 2018, safari yetu ya kwanza ya kutembea kama familia bila kwenda matangani wala harusini. Niliipanga mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu kazi yake ni maazimio. Niliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la kazi: saa kumi na mbili asubuhi kuondoka, saa mbili kilima cha Salaita, saa tatu soko la Taveta, maana ilikuwa Jumamosi na Jumamosi ni siku ya gulio, saa tano ziwa Chala, saa saba chakula, saa nane ziwa Jipe, saa kumi ile nyumba ya mlowezi Grogan juu ya kilima, halafu turudi kupitia Wundanyi tumwamkie mama mkwe. Siku moja, vituo saba, watoto watatu, na Probox ya mkono wa pili.

Fundi aliyeahidi kulirudisha gari Ijumaa alilileta Jumamosi saa tatu kasorobo, mikono ina grisi na mdomo una maelezo. Badala ya kukata vituo, mimi nilikata dakika. Sokoni tulikimbia. Ukingoni mwa Chala tulikaa dakika kumi na mbili. Najua ni kumi na mbili kwa sababu nilikuwa naangalia saa badala ya ziwa. Jipe hatukuiona. Salaita tuliipita nikiinyoshea kidole dirishani, na binti yangu, kifungua mimba, akasema bila kuinua kichwa, "Ni kilima tu, Mama."

Wiki iliyofuata mama mkwe alishuka kutoka Werugha, upande wa Wundanyi, na kiroba cha viazi na maparachichi. Nilimsimulia kisa chote, ndovu nikiwaongezea kimo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani hiyo Jipe inahama?"

Nikasema haihami.

"Sasa mlikuwa mnaikimbilia nini?"

Asubuhi yake tuliamka tukanywa chai na kiporo cha wali na maharagwe. Mama alipenda kiporo kuliko chakula cha moto. Alisema maharagwe hayajui kujieleza siku ya kwanza. Akiwa anajipakulia akasema, kana kwamba anaendelea na mazungumzo ya jana yake, "Mgeni hula vyote palepale kwa sababu kesho hayupo. Wewe uko kwako. Bakisha."

Nimekuwa nikiyatafuna maneno hayo kwa miaka saba sasa. Kila nilichojifunza kuhusu kupanga safari fupi kimetoka humo.

Likizo kwetu haifuati majira ya joto. Voi ni joto karibu mwaka mzima, na majira yetu hupangwa na kalenda ya shule: Aprili, Agosti, Desemba. Watu wa Nairobi wanapopata siku hizo hushuka na barabara kuu kuelekea Mombasa, kilomita zaidi ya mia tatu mpaka hapa kwetu na nyingine kama mia moja na hamsini mbele. Sisi wa Voi tumezoea kuwauzia chai na viazi karai, na kuwatazama wakipita. Wageni wengine hukata kona kuingia mbugani. Tsavo Mashariki na Magharibi, mbuga zilizotengwa mwaka 1948, zinachukua zaidi ya nusu ya kaunti yetu. Lango la Voi liko karibu na mji kiasi kwamba nyani wa huko wanajua ratiba ya takataka zetu.

Hata hivyo, muhula uliofuata baada ya safari ile ya Taveta niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la tano nani amewahi kuingia mbugani. Katika watoto arobaini na watatu, waliinua mkono wanne. Wote wengine walikuwa wameona ndovu, lakini kutoka dirishani mwa matatu, au shambani kwa nyanya yao, usiku, akivunja mahindi. Ndipo nikawasimulia habari ya wale simba wawili wa mwaka 1898, waliokula wafanyakazi wa reli pale daraja la mto Tsavo hadi kazi ikasimama, na jinsi mhandisi Patterson alivyowaua Desemba ya mwaka huo. Mtoto mmoja akauliza wako wapi sasa. Nikamwambia wako Marekani, kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago, lililozinunua ngozi zao kutoka kwa Patterson mwaka 1924. Kabla ya hapo zilikuwa zulia nyumbani kwake. Darasa likacheka. Nilipokuwa nikifuta ubao nikafikiri kwamba mtoto wa Chicago huenda amewahi kusimama mbele ya simba wa Tsavo, na wa Voi hajawahi.

Safari ya pili, Desemba 2018, niliipanga kwa kufuta. Niliandika vituo vitano nikavikata vinne. Kilichobaki ni Sagalla.

Sagalla ni mlima tunaouona tukianika nguo. Ndipo wamisionari wa Kianglikana walipofungua kituo chao cha kwanza katika nchi ya Wataita, mwaka 1883, na hadi leo Wasagalla wana lugha yao, ambayo Mdawida, Mtaita wa huko Wundanyi, huisikiliza akiwa amekunja uso. Watoto walilalamika. "Kule kila siku tunakuona!" Nikawauliza nani anakaa upande wa pili wa mlima. Hawakujua. Safari ikawa imepata swali, na hilo likawa jambo la kwanza nililojifunza: umbali hauifanyi safari kuwa safari. Mkiwa na swali ambalo hamwezi kulijibu mkiwa nyumbani, hata kilomita ishirini zinatosha.

Chini ya mlima tulikuta mashamba yaliyozungushiwa ua wa ajabu. Mizinga ya nyuki imening'inizwa kwenye nguzo, mmoja hatua kadhaa kutoka kwa mwingine, yote imeunganishwa kwa waya. Ndovu akitaka kupita anaugusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Ndovu, pamoja na ukubwa wake, anaogopa kuumwa ndani ya mkonga na karibu na macho. Mbinu hiyo ilitokana na utafiti wa Dkt. Lucy King wa shirika la Save the Elephants, na Sagalla ni mojawapo ya mahali ilipojaribiwa kwa muda mrefu. Mwenye shamba, mzee wa makamo, alitupa viti, akatuonyesha mahindi yaliyonusurika na yale yasiyonusurika. Hakuwa na maneno makubwa. "Wanapunguza," alisema. "Si wote. Wanapunguza." Kisha akatuuzia chupa mbili za asali.

Saa saba tulikuwa tumerudi nyumbani tunakula. Tangi halikupungua hata robo. Jioni mtoto wa kati, ambaye huwa hasemi, alichora ua wa mizinga kwenye daftari lake na ndovu mmoja anayekimbia. Katika vituo saba vya Taveta hakuwa amechora hata kimoja.

Agosti 2019 tuliingia Tsavo Mashariki. Hapa mpangilio una umuhimu wake, na nitausema wazi kwa anayetaka kujaribu. Ada hailipwi kwa noti langoni. Unalipa kwa mtandao wa serikali, na ukifika umechaji simu na una kitambulisho, huchelewi. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mtoto kidogo zaidi, lakini ada hizo hubadilika, kwa hiyo ziangalie wiki ile ile ya safari. Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ndani mwendo haupiti kilomita arobaini kwa saa, na hushuki garini ila mahali palipowekwa kwa kushukia. Ukiyajumlisha hayo utaona kwamba nusu ya siku inatosha sehemu moja tu, wala si mbili. Maji chukua mtungi wa lita ishirini: kumi za watu na kumi za gari. Gurudumu la akiba lipige upepo jana yake. Na haja ndogo, kila mtu aimalize langoni, hata asiyesikia.

Tulichagua mwamba wa Mudanda. Ni jiwe moja refu kiasi cha kilomita moja na nusu, limelala nyikani kama mgongo wa nyangumi, na mvua ikinyesha maji huteremka ubavuni mwake hadi kwenye bwawa chini. Kiangazi ndovu huja kunywa. Tulifika mapema, tukapanda, tukakaa juu tukifungua mahamri na mayai ya kuchemsha. Saa moja ikapita bila kitu. Ile Agosti ya kwanza ningekuwa nimeshasema twendeni. Safari hii hapakuwa na pa kwenda. Ratiba iliyobaki ilikuwa ni kurudi nyumbani tu. Tukakaa.

Walikuja saa nne kasoro, kundi la majike na ndama, wekundu kama matofali ya Voi. Wekundu ule ni udongo wetu; hujimwagia vumbi na kugaagaa matopeni mpaka wafanane na nchi. Kutoka juu tuliona wanavyopeana nafasi majini, na ndama mmoja aliyekuwa hajajua kutumia mkonga akipiga magoti anywe kwa mdomo. Binti yangu, yule wa "kilima tu", alininong'oneza, "Mama, wale wa Maktau walikuwa wana watoto wadogo hivi?" Nikasema ndiyo. "Basi tungewapisha mapema." Mwaka mzima alikuwa amewaogopa wale ndovu wa gizani. Sasa alikuwa anawaomba radhi.

Bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 kwenye mto Voi, bado tungeweza kulifikia siku hiyo. Baba Watoto akataka twende, "maana tumeshalipa." Hoja hiyo ya "tumeshalipa" ndiyo huharibu safari nyingi za familia. Nikamwambia Aruba ni kiporo. Watoto wakaitikia kwa pamoja, "Kiporo!" Neno likawa la nyumbani tangu siku hiyo. Kila safari lazima ibakishe sehemu moja ambayo tungeweza kufika na hatukufika. Ilikuwa inawaudhi mwanzoni. Baadaye niligundua kile kilichobakishwa ndicho walichokizungumzia mezani miezi mizima.

Desemba 2019 tulipanda Wundanyi. Kutoka joto la Voi, ukipita Mwatate na mashamba yake ya mkonge, barabara inaanza kujikunja, na ndani ya saa moja unahitaji sweta. Kona zile zina adabu yake. Mtoto anayechafukwa na moyo mweke kiti cha mbele, mpe kipande cha tangawizi, usimpe simu. Mahamri yasubiri hadi juu.

Milima ya Taita si mirefu sana. Kilele chake, Vuria, kina mita 2,208. Lakini misitu iliyobaki vileleni, Ngangao, Mbololo, Chawia, ni mabaki ya msitu wa kale sana, na kuna ndege wanaoishi humo wasioishi mahali pengine duniani. Mmojawapo ni kwichi wa Taita, mwenye mdomo wa rangi ya machungwa, anayechakura majani makavu kama kuku. Mataifa hutuma wataalamu kuja kumtafuta. Mama mkwe alipoambiwa hivyo alicheka sana. "Yule? Yule amekuwa akinichafulia njia ya kisimani tangu nikiwa msichana."

Alitupikia kimanga, akatuweka jikoni karibu na moto, na mazungumzo yakaenda kwenye mafuvu. Zamani, kabla ya makanisa kukolea, Wadawida walimzika mzee wao, na baada ya muda walilifukua fuvu, wakalipeleka kwenye pango la ukoo, likapangwa pamoja na ya waliomtangulia. Mapango hayo bado yapo katika milima, mengine yanajulikana na watalii, mengine yanajulikana na wenyewe tu. Mtoto wa kati akauliza swali lake moja la mwaka: "Kwa nini kichwa peke yake?"

Mama akamtazama kwa muda. "Kwa sababu ndicho kilichokuwa kinawajua," alisema.

Akatuambia kuna mwamba, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, walipo watu wa babu yake. Yeye alipelekwa mara moja akiwa mtoto. Kwenda kwake kuna utaratibu. Huingii tu kama unaingia dukani. Angetupeleka asubuhi. Lakini asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, njia inateleza, na yeye goti lilikuwa linamsumbua. Tungeweza kungoja saa sita. Nilitazama anga, nikatazama watoto, na kwa furaha ya mtu aliyeijua kanuni yake nikasema, "Hiki ndicho kiporo cha safari hii. Tutarudi Aprili."

Aprili haikufika. Machi 2020 korona ikaingia, shule zikafungwa, barabara zikawa na vizuizi, na hata zilipofunguliwa tuliogopa kumpelekea Mama ugonjwa. Tuliongea naye kwa simu kila Jumapili. Alikuwa akipaza sauti kana kwamba anaifikisha Voi kwa pumzi yake mwenyewe. Juni 2021 alifariki, usingizini, nyumbani kwake. Tulipanda Wundanyi kumzika, na zile kona hakuna aliyetapika.

Mwaka uliofuata Baba Watoto aliwauliza wazee kuhusu ule mwamba. Mmoja alisema uko upande wa Mbale. Mwingine alisema hapana, ni chini kidogo ya Wesu. Wa tatu alisema waliokuwa wanaujua walishakwenda. Mapango yapo. La kwetu hatulijui.

Hapo ndipo nilipoelewa sehemu ya kanuni ambayo Mama hakuisema, labda kwa kuwa kila apikaye anaijua: kiporo huchacha. Maharagwe ya jana ni matamu; ya juzi unayanusa kwanza. Nilikuwa nimebakisha kila kitu kwa usawa, ziwa na bwawa na mwamba na bibi wa miaka themanini na mbili. Jipe haihami, alisema kweli. Yeye alihama.

Tangu wakati huo nikipanga safari ninaandika orodha mbili badala ya moja. Ya kwanza ni ya mahali, na humo ninabakisha bila huruma. Ya pili ni ya watu walio njiani au mwisho wa njia: shangazi wa Bura, mwalimu wangu mstaafu aliyeko Mwatate, mzee wa Sagalla na nyuki wake. Katika hiyo ya pili hakibaki kitu. Kama muda umekuwa mfupi, tunakata mlima na kumkuta shangazi.

Nayo miaka ya ukame ikatufundisha kwamba hata mahali hapasubiri kwa uhakika kama nilivyodhani. Mwaka 2022, baada ya mvua kukosa msimu kwa msimu, serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Tulipoingia mbugani mwaka huo tulisikia harufu kabla ya kuona. Nilijiuliza kama nigeuze gari. Sikugeuza. Tulisimama, tukanyamaza, watoto wakauliza waliyouliza, nami nikajibu niliyoyajua. Kuna wazazi wangesema likizo si ya mambo kama hayo. Lakini hii si mbuga ya watu wengine tunayoikodi kwa siku. Ni jirani yetu, na jirani hutembelewa hata akiwa msibani.

Agosti 2023 tulirudi Taveta, miaka mitano kamili baada ya lile tukio. Kituo kimoja: Chala. Tuliondoka saa kumi na mbili kweli, kwa sababu gari lilikuwa limetoka kwa fundi siku tatu kabla, nami nililijaribu mwenyewe hadi Maungu na kurudi.

Tulikuwa na muda wa kusimama Salaita, kwani hatukuwa tunakimbilia popote. Februari 12, 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lenye askari wengi wa Afrika Kusini lilikishambulia kilima kile likidhani Wajerumani na askari wao Waafrika watatawanyika. Walioshambulia ndio waliorudi nyuma. Reli ya kutoka Voi ilikuwa imejengwa kwa ajili ya vita hivyo, na waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa watu wa nchi hizi, maelfu kwa maelfu, na waliokufa kwa njaa na kuhara walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wanajeshi wa Kizungu wana makaburi yenye majina, hapo Taveta na hapa Voi mjini, nyasi zimefyekwa. Wapagazi wengi hawana. Kilichobaki kwao ni neno: Kariakoo, kutoka jina la Kiingereza la kikosi chao, ambalo leo ni mtaa na soko. Binti yangu, sasa kidato cha tatu, alitazama kile kilima kwa muda mrefu. Sikumkumbusha alichosema mara ya kwanza.

Chala ni ziwa ndani ya shimo la volkano, mpaka wa Kenya na Tanzania ukipita katikati ya maji. Hakuna mto unaoonekana ukiingia. Maji yanatoka chini kwa chini, kutoka Kilimanjaro. Kingo zake ni mwinuko mkali, na humo hatuogi. Mamba wamewahi kuua. Tulikaa juu, kwenye kivuli, kuanzia saa tatu hadi saa saba. Rangi ya maji ilibadilika mbele yetu, buluu, kijani, kisha kitu kisicho na jina. Baba Watoto alilala. Kitinda mimba alihesabu mwewe. Ghafla wingu likafunguka na Kilimanjaro ukaonekana na theluji yake kidogo iliyobaki, ule ule ambao mmisionari Rebmann aliuona Mei 11, 1848, baada ya kupita Taita yetu, akaandika kwamba una theluji, na wasomi wa Ulaya wakambishia. Ulifunguka kama dakika kumi na mbili. Saa sikuitazama, aliyenihesabia ni mtoto wa kati.

Saa saba na nusu tulianza kurudi. Maktau tulipita jua likiwa juu bado, lami nyeupe kwa joto, hakuna hata ndovu mmoja. Nilimtafuta yule dereva wa lori kwa macho, kwa upumbavu tu.

Binti yangu sasa yuko chuoni, mbali na hapa. Mwaka huu alipiga simu wiki mbili kabla ya likizo akauliza kama Jipe bado tunayo. Nikamwambia ipo, hatujaigusa. Nilidhani atasema twende. Akasema, "Iacheni hiyo. Nikija nataka kwanza twende kwa shangazi wa Bura. Mama, ana miaka mingapi sasa?"

Nikamwambia. Upande wa pili kulikuwa kimya kidogo, kisha nikasikia anatafuta kalamu.